Maswali Yenu: Msamiati, Kusoma na Kuandika katika Darasa la Kiingereza

Safari hii tumechagua barua zinazohusu Kiingereza cha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Huo ndio umri ambao hadithi fupi zenye picha zinaisha na vitabu vinaanza kudai usomaji wa kweli. Barua nyingi zilifanana, hivyo tumejibu zilizoeleza tatizo kwa undani.

Ndugu Mhariri, kila Jumatatu nawapa wanafunzi maneno 20 na maana zake. Wanayakariri, na Ijumaa wanafanya jaribio. Wengi wanapata 17 au 18. Wiki tatu baadaye nikiuliza maneno yale yale wananitazama tu, na kwenye insha sijawahi kuyaona. Nakosea wapi?
*Mwalimu wa Kiingereza*

Jaribio halina kosa. Shida ni wingi wa maneno, jinsi unavyoyaeleza, na kwamba baada ya Ijumaa hayarudi tena. Aliyekariri orodha anakumbuka orodha: neno la tatu, maana ya tatu. Ukilichomoa neno kwenye foleni yake, maana inabaki kwenye foleni.

Punguza kwanza. Maneno 6 hadi 8 kwa wiki yanatosha, ilimradi yamechaguliwa vizuri. Isabel Beck na Margaret McKeown, wataalamu wa ufundishaji wa msamiati, hugawa maneno katika ngazi tatu. Ya kwanza ni maneno ya kila siku kama “table” na “run”. Ya tatu ni istilahi za somo moja, kama “photosynthesis”; hilo mwachie mwalimu wa sayansi, au lieleze kwa sentensi moja likijitokeza. Muda wako uuweke kwenye ngazi ya pili: maneno yanayotokea kwenye hadithi, kwenye historia na kwenye maswali ya mtihani, lakini watu hawayasemi sana wanapopiga soga. Mifano ni “reluctant”, “consequence”, “establish”, “abundant”. Tahadhari moja: mgawanyo huu ulifikiriwa zaidi kwa watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani. Kwa wanafunzi wetu usidhani ngazi ya kwanza imekamilika. Wapime kwanza.

Ukitaka orodha ya kuanzia, ipo ya msamiati wa kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno (yaani neno na jamaa zake, kama “establish” na “establishment”), katika makundi 10, yanayotumika zaidi yakiwa mbele. Ilitokana na maandishi ya vyuo vikuu, kwa hiyo umri huu chukua makundi mawili ya kwanza tu, yaani familia 120, na hata hizo uzifundishe pale zinapotokea katika matini mnayoisoma.

Kosa la pili ni kutegemea maana ya kamusi peke yake. Mwaka 1987 George Miller na Patricia Gildea walieleza yaliyowapata watoto waliopewa maneno mapya na kamusi, wakaambiwa watunge sentensi. Mmoja alikuta “erode” imeelezwa kwa maneno “eat out, eat away”. Akaandika: “Our family erodes a lot.” Alidhani ni kwenda kula nje ya nyumbani! Hakuwa mzembe, alifuata alichopewa.

Kwa hiyo eleza kama unavyozungumza. “Reluctant” ni mtu anayeombwa kufanya jambo akasitasita kwa kuwa moyo haumtumi. Litamke neno mara mbili, darasa lirudie, waoneshe mkazo unaangukia wapi. Soma sentensi lilimotokea kitabuni, kisha toa sentensi nyingine ya mazingira tofauti kabisa, kwa sababu neno lililofundishwa kwa sentensi moja hung’ang’ania sentensi hiyo. Halafu uliza maswali ya ndiyo au hapana: “Would you be reluctant to eat your favourite food?” “Would you be reluctant to enter a dark cave?” Kila jibu lifuatwe na “kwa nini?”. Mwisho wamalizie sentensi uliyoianza: “She was reluctant to … because …”. Kipande cha “because” usikiache. Sentensi “She was reluctant” ni sahihi kisarufi, lakini haioneshi kama aliyeiandika anajua lolote. Kazi yote hiyo ni dakika 4 au 5 kwa neno.

Sasa kurudia. Hermann Ebbinghaus alionesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza yanatakiwa yawe karibu karibu: kesho yake, siku ya nne, wiki ya pili, wiki ya tano. Andika kila neno kwenye kadi, weka kadi zote katika boksi moja, na dakika 5 za mwanzo wa kipindi chomoa sita. Jaribio la Ijumaa lichanganye maneno matano ya wiki hii na matano ya wiki zilizopita bila kutangaza yapi. Alama zitashuka mwezi wa kwanza. Zisikutie hofu, zile 18 za zamani hazikuwa zikipima msamiati.

Na maneno yanayofanana usiyafundishe siku moja. “Affect” na “effect”, au “borrow” na “lend”, yakiingia pamoja huchanganyikana na kukaa hivyo miaka, hasa hayo mawili ya mwisho, kwa kuwa katika mazungumzo yetu “kuazima” hubeba pande zote mbili. Fundisha moja mpaka likomae, jingine lifuate wiki kadhaa baadaye.

Hongereni kwa kazi. Mwanangu ana miaka 12. Akisoma Kiingereza kwa sauti utapenda, hakwami popote. Nikimuuliza amesoma nini, kimya. Huu si uvivu?
*Mzazi*

Si uvivu. Kutamka na kuelewa ni kazi mbili, na mtoto anaweza kuimudu ya kwanza bila ya pili. Akisoma kwa sauti mbele ya mtu, akili yote inakwenda kwenye kutokwama. Basi mwache asome kimya kwanza, sauti ije baadaye.

Chunguza kama kitabu kinamfaa. Chagua kipande cha maneno 100, asome, na kila neno asilolijua aliwekee nukta kwa penseli. Nukta 2 au chini ya hapo: anaweza kusoma peke yake. Tatu hadi tano: asome na mtu wa kumsaidia. Zikikaribia 10, funga kitabu hicho, tafuta chepesi zaidi. Kipimo cha maneno 98 kati ya 100 hakikutungwa hewani. Marcella Hu na Paul Nation walikifikia mwaka 2000 walipowapima wasomaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Wazazi wengi hawapendi kusikia habari ya kitabu chepesi, lakini kitabu kigumu hakimkomazi mtoto. Kinamfundisha kutamka bila kutegemea kuelewa, na ndicho unachokiona nyumbani.

Kama nukta ni chache na bado haelewi, mtazame kwenye maneno madogo. “Although”, “unless”, “despite”, “therefore”, “whereas”: haya hayana picha, hivyo mtoto huyaruka. Mpe sentensi hii: “The team will not travel unless the rain stops.” Muulize: mvua ikikatika, timu itasafiri? Aliyeruka “unless” atasema haisafiri. Vivyo hivyo “it”, “they” na “this”. Achore mshale kutoka kwenye neno hilo hadi kwenye kitu kinachotajwa. Aya nyingi zinazoonekana ngumu zimefungwa na mshale mmoja tu.

Nyumbani fanyeni hivi mara tatu kwa wiki, dakika 20. Gawanyeni ukurasa katika vipande vya aya moja au mbili. Kila kipande kikiisha, mtoto anafanya mambo manne: anakifupisha kwa sentensi moja, anauliza swali ambalo jibu lake limo humo, anataja neno au sentensi iliyomtatiza na kujaribu kuifafanua, kisha anabashiri kinachofuata. Kipande kinachofuata, zamu ni yako. Annemarie Palincsar na Ann Brown waliieleza mbinu hii mwaka 1984, wakiijaribu kwa wanafunzi wa umri huu huu waliokuwa wakitamka vizuri na kuelewa kidogo. Hatua ya kuuliza ndiyo huwapa shida zaidi; wataanza na maswali ya “nani” na “wapi”. Wasogeze taratibu kwenye “kwa nini”.

Kama Kiingereza chako wewe mzazi si kizuri, hilo lisikuzuie. Asome Kiingereza, akueleze kwa Kiswahili. Asiyeelewa hawezi kueleza kwa lugha yoyote.

Shikamoo mwalimu. Niko na miaka 13. Nikikuta neno refu la Kiingereza naogopa kabisa. Kuna njia ya kulijua bila kamusi?
*Mwanafunzi*

Marahaba. Njia ipo, tena wewe unaizoea bila kujua. Ukiona “hayasomeki” huogopi. Unaona ha-, -ya-, -som-, -ek-, -i, na katikati kuna “soma”. Maneno marefu ya Kiingereza mengi nayo yanavunjika hivyo.

Chukua “unpredictable”. Toa “un-” mbele, inayokanusha. Toa “-able” nyuma, inayosema jambo linawezekana. Imebaki “predict”. Humo kuna “pre-”, kabla, na “dict”, mzizi wa Kilatini wa kusema. Basi ni kusema jambo kabla halijatokea. Rudisha vipande: jambo ambalo huwezi kulitabiri. Kisha, na hapa wengi husahau, rudi kwenye sentensi uone kama maana hiyo inaingia. Isipoingia, umevunja vibaya.

Huhitaji kukariri viambishi 50. Uchunguzi wa Thomas White na wenzake wa mwaka 1989, uliotumia maneno ya vitabu vya shule vya Marekani, ulikuta kwamba viambishi awali vinne tu, “un-”, “re-”, “in-” na “dis-”, vilibeba asilimia 58 ya maneno yote yenye viambishi awali. Anza na hivyo. Ujue tu kwamba “in-” hubadilika sura: ni “im-” mbele ya p, b na m (“impossible”), “il-” mbele ya l (“illegal”), “ir-” mbele ya r (“irregular”). Ni midomo kutafuta wepesi, kama tunavyosema nyumba mbaya na nyumba ndefu badala ya nbaya na nrefu.

Mitego ipo. Ukitoa “re-” kwenye “reach”, kinachobaki si neno. Ukitoa “in-” kwenye “invent” kinabaki “vent”, neno halali lisilohusiana kabisa na uvumbuzi. Na mawili ya kukumbuka peke yake: “invaluable” ni kitu chenye thamani kubwa mno, na “inflammable” ni kitu kinachoshika moto upesi. “In-” ya “inflammable” haikanushi, na ya “invaluable” haikanushi thamani, inasema tu kwamba thamani hiyo haikadiriki.

Tununue kamusi gani, ya Kiingereza kwa Kiswahili au ya Kiingereza kwa Kiingereza?
*Kamati ya maktaba ya shule*

Zote mbili, kwa kazi tofauti. Kwa jina la mnyama, mti au kifaa, kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili inamaliza kazi kwa neno moja. Kwa vitenzi na sifa, nunueni kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha hiyo. Kamusi hizo hueleza kila neno kwa msamiati mdogo uliochaguliwa, takriban maneno 2,000 hadi 3,000, na hutoa sentensi za mfano. Kamusi kubwa za wazawa wa lugha hazifai umri huu: mtoto anatafuta neno moja, anatoka na matatu asiyoyajua. Kabla ya kununua, fungueni “reluctant” na “claim” dukani. Kama hakuna sentensi ya mfano, irudisheni rafuni.

Nina wanafunzi 45. Nikisahihisha insha naweka wino mwekundu kila mahali, na insha inayofuata makosa ni yale yale. Nimechoka, nao wamechoka.
*Mwalimu, darasa kubwa*

Dakika 8 kwa kila daftari, mara 45, ni saa 6. Hakuna mwalimu anayeweza kufanya hivyo kila wiki, na mwanafunzi anayepokea alama 40 nyekundu anatazama maksi tu, anafunga daftari.

Kabla ya kuandika, tangaza makosa mawili utakayoyatazama wiki hiyo. Labda wakati uliopita wa vitenzi, na alama za mwisho wa sentensi. Mengine yote yaache, hata yakikuwasha mkono. Unaposahihisha, usiandike jibu. Weka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa. Mistari yenye makosa mawili, nukta mbili. Mwanafunzi ndiye alitafute na kulirekebisha, dakika 10 za kipindi kinachofuata, kabla hajaambiwa maksi. Ukishazoea, daftari moja huchukua dakika 2, na kazi ya saa 6 inakuwa ya saa moja na nusu. Makosa atakayoyaona mwenyewe ni yale aliyoyajua akateleza. Yaliyomshinda kuyaona ndiyo somo lako la kesho.

Tungeongeza pia zoezi la kuunganisha sentensi. Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi za uandishi mwaka 2007 na kukuta kwamba kufundisha sarufi peke yake, nje ya uandishi, hakukuboresha insha, ilhali kuunganisha sentensi kulisaidia. Mpe mwanafunzi sentensi tatu kavu: “The boy was tired. He had walked all day. He did not stop.” Azifanye moja. Atakayeandika “Although the boy was tired because he had walked all day, he did not stop” yuko sawa. Wa “Tired from walking all day, the boy still did not stop” yuko sawa pia. Waandike zote mbili ubaoni na wajadili ipi inaweka uzito wapi. Wengi wataanza kwa kutia “and” kila mahali. Siku hiyo “and” ipige marufuku. Seti tatu kwa kipindi zinatosha.

Makosa mawili yanahitaji dawa yake, kwa sababu yanatoka kwenye lugha yetu. La kwanza ni “he” na “she”. Sisi tuna “yeye” tu, kwa hiyo mwanafunzi hasikii kosa lake. Asome insha mara moja kwa kazi hiyo pekee, kidole kikigusa kila “he”, “she”, “his” na “her”, akitaja ni nani. La pili ni “a” na “the”. Wafundishe kujiuliza kwa mpangilio: kitu hiki kinahesabika? Kama ndiyo, na ni kimoja, je, msomaji tayari anajua ni kipi? Hajui, tumia “a”. Anajua, tumia “the”. “I bought a book. The book was torn.” Kuhusu “an”, sikio ndilo linaloamua, herufi haziamui: “an hour”, “a university”. Hapa utawakosoa mwaka mzima, na hilo ni la kawaida.

Nikiwapa wanafunzi muhtasari wa maneno 60, wanachomoa sentensi nzima nzima kitabuni. Nimewakataza mara nyingi.
*Mwalimu wa Kiingereza*

Kukataza hakutasaidia kitabu kikiwa wazi mbele yao. Wasome aya mara mbili, wafunge kitabu, kisha waandike maneno 5 hadi 7 wanayoyakumbuka. Maneno, si sentensi. Kwa maneno hayo wamweleze jirani aya ilisema nini, dakika moja. Ndipo waandike. Kitabu kifunguliwe mwishoni tu, kuhakikisha majina na tarakimu.

Kuna wanaonakili kwa sababu nyingine: hawajaelewa, na sentensi ya kitabu ndiyo pekee wanayoiamini. Utawajua kwenye ile dakika moja ya kumweleza jirani. Hao wape aya fupi zaidi, ya sentensi 4 au 5, na umewafundisha maneno magumu mawili kabla hawajaanza.

Halafu tazama maswali yako. Aya ya maneno 80 haiwezi kufupishwa kwa maneno 60 bila kunakili. Theluthi moja ya urefu wa matini ni kipimo kizuri cha kuanzia, hivyo muhtasari wa maneno 60 unahitaji matini ya maneno 180 hivi.

Tahajia inamshinda binti yangu. Aandike kila neno mara 20?
*Mzazi*

Hapana. Kufika mara ya tano mkono unaandika na akili imeshaondoka. Akianza na kosa, atalikariri kosa mara 20. Alitazame neno, alitamke, alifunike, aliandike bila kuchungulia, alifunue na kulikagua herufi kwa herufi. Mara tatu hivyo, maneno matano kwa siku, na kesho yake aanze na yaliyomshinda jana.

Kwa herufi zisizotamkwa, mtafutie ndugu wa neno ambamo herufi hiyo inasikika. G ya “sign” inasikika kwenye “signature”, c ya “muscle” kwenye “muscular”, n ya “autumn” kwenye “autumnal”. Yasiyo na ndugu, kama “island”, ayatamke kimoyomoyo kama yalivyoandikwa, is-land, wakati anaandika tu. Akisoma kwa sauti, s hiyo aiache kitabuni.